Daktari wa Jicho Moja na Fumbo la Ramani

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku ajua kwamba kutazama ni jambo moja, na kutambua ni jambo jingine. Macho mawili yaweza kuikodolea njia mpaka alfajiri yasipate lolote, na jicho moja lenye subira laweza kugundua kwamba nyasi za upande huu zimelala ilhali za upande ule zimesimama. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyekuwa na jicho moja tu tangu utoto wake, aliyevaa sare ya jeshi, akafanya kazi ya upasuaji katika Lira na Kampala, na ambaye jina lake latajwa mpaka leo katika hospitali za dunia nzima. Mtu huyo ni Daktari Denis Parsons Burkitt. Baadhi ya kazi aliyoianza iliendelezwa katika West Nile yetu, na wakazi wa Pajulu na wa vijiji vingine vinavyouzunguka mji wa Arua waijua hospitali ya Kuluva, iliyo kusini ya mji katika njia ya Nebbi, ambako mmoja wa wenzake alifanya kazi kwa miaka mingi.

Kabla ya kuingia katika maisha yake, twaeleza kwanza chemsha bongo moja, maana itatusaidia kuyaelewa mambo aliyoyafanya. Mtaalamu wa Urusi aitwaye Mikhail Bongard, aliyeishi tangu mwaka 1924 hadi 1971, alitoa mwaka 1967 kitabu juu ya namna mashine ziwezavyo kufundishwa kutambua vitu. Ndani yake aliweka mafumbo 100 ya picha. Kila fumbo lina picha 12: sita zimepangwa kushoto na sita kulia. Picha zote za kushoto zina jambo moja linaloziunganisha, na picha za kulia hazina jambo hilo, au zina kinyume chake. Kazi ya mtazamaji ni kulitaja jambo hilo kwa maneno machache. Pengine kushoto kuna maumbo makubwa na kulia madogo. Pengine kushoto maumbo ni matupu na kulia yamejazwa wino. Kwa maneno ni rahisi, lakini picha zimejaa mitego. Umbo moja ni duara, jingine pembetatu, jingine limepinda, na mtazamaji hupoteza muda wake akiyahesabu mambo yasiyohusika. Tena mtu akipewa picha za kushoto peke yake, hawezi kuwa na hakika ya jibu. Ni lazima azione na za kulia. Kitu hujulikana kwa kulinganishwa na kile ambacho sicho.

Twamwomba msomaji alishike jambo hilo moyoni, kwa kuwa maisha ya Daktari Burkitt yalikuwa fumbo la namna hiyo, isipokuwa picha zake zilikuwa watoto wagonjwa, na karatasi yake ilikuwa bara zima la Afrika.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali aliyesimamia barabara na madaraja, na kwa mapenzi yake mwenyewe alikuwa mchunguzi wa ndege. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliokuwa wakiishi katika bustani yake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alikuwa na milki yake wapi na mpaka wake ulikuwa wapi. Mtoto alikua akimwona mzazi wake akitafuta elimu kwa njia ya alama na ramani, wala haikosi mafunzo hayo yalimwingia.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Vijana walikuwa wakirushiana mawe, jiwe moja likaivunja miwani yake na kigae kikaliharibu jicho lake la kulia. Madaktari hawakuweza kuliokoa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa jicho moja, na wengi wangalifikiri kwamba kazi zinazohitaji macho makali zimekwisha kumpita.

Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakukaa sana katika masomo hayo. Akiwa mtu wa dini, aliona ameitwa kuwatumikia wagonjwa, akahamia udaktari na kufuzu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya upasuaji kule Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa, na sababu ilikuwa jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mwaka 1941, jeshi la Uingereza lilimpokea katika kikosi chake cha madaktari. Akatumwa Kenya, Somalia na Ceylon, akiwatibu askari. Hapo ndipo alipoijua Afrika ya Mashariki, na vita vilipokwisha aliomba tena kazi aliyonyimwa. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Alikuwa na wagonjwa wengi kuliko alivyoweza kuwahudumia, na miongoni mwao walikuwako wanaume wengi wenye mabusha. Mpasuaji mwingine angaliwapasua, akawaruhusu waende zao, na habari ikaishia hapo. Yeye alimwuliza kila mmoja atokako. Akaona kwamba upande mmoja wa wilaya ugonjwa ulikuwa umeenea sana, na upande wa pili ulikuwa nadra. Wilaya ni moja na hospitali ni moja, lakini kushoto uko na kulia hauko. Aliandika habari hizo katika jarida la madaktari mwaka 1951, na baadaye ilieleweka kwamba tofauti hiyo ilifuata kuenea kwa minyoo ya matende inayochukuliwa na mbu. Hilo lilikuwa fumbo lake la kwanza. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwaka 1948.

Fumbo kubwa lilimjia mwaka 1957. Daktari Hugh Trowell wa Mulago alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umeharibika kwa uvimbe. Uvimbe mmoja si ajabu, lakini huyu alikuwa nao pande zote nne za mataya: juu kulia na kushoto, chini kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Alimpiga picha, akaiweka, na mtoto hakupona.

Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alitupa jicho dirishani, akamwona nje mtoto wa kike aliyekaa na mama yake. Uso ulikuwa ule ule aliouona Mulago. Aliacha alichokuwa akikifanya akatoka nje. Alipompima alikuta kwamba si mataya peke yake, bali tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Hapo akatambua kwamba jambo likitokea mara moja laweza kuwa ajabu tu, lakini likirudi kwa sura ile ile ni lazima liwe na kanuni yake.

Alirudi Kampala akayafungua majalada ya wagonjwa wa zamani. Akagundua kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wakifika hospitalini miaka nenda miaka rudi. Hata Daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha katika daftari zake michoro ya watoto wenye mataya yaliyovimba namna hiyo. Kwa nini basi hakuna aliyetambua? Kwa sababu kila mmoja aliona kipande chake. Mtoto wa taya aliandikwa mahali pake, wa figo mahali pake, wa ini mahali pake, na kila uvimbe ukapewa jina lake. Burkitt aliwakusanya wote upande mmoja wa karatasi, akasema kwamba huo ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika makala yake ya kwanza juu ya ugonjwa huo. Wataalamu wa Kampala, akina Jack Davies na Greg O'Conor, waliotazama nyama ya uvimbe kwa hadubini, walithibitisha kwamba ilikuwa saratani ya chembe za limfu, na kwamba saratani za aina hiyo zilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto walizokuwa wameziandika. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Wasomaji wetu wafahamu uzito wa jambo lenyewe. Uvimbe huo ulikuwa ukikua kwa kasi isiyo ya kawaida. Mtoto aliyekuwa akicheza leo aliweza kufa baada ya majuma machache, jino baada ya jino likilegea, jicho likisukumwa nje na uvimbe. Kisu cha mpasuaji hakikufaa kitu, maana uvimbe ukikatwa hapa hujitokeza pale. Burkitt, ambaye kazi yake ilikuwa hicho kisu, alikiri kwamba upasuaji umeshindwa. Jibu lilipaswa kutafutwa mahali pengine.

Alilitafuta kwa njia ya kulinganisha. Mtaalamu mmoja kutoka Afrika ya Kusini alipotembelea Mulago alieleza kwamba kwao ugonjwa huo hauonekani. Neno hilo likawa mwanga. Ikiwa uko Uganda na hauko Afrika ya Kusini, basi mahali fulani kati ya nchi hizo mbili upo mpaka. Kwa msaada mdogo wa paundi 25 alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa posta katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama madaktari wa huko wamepata kuuona. Majibu yalipofika alichoma pini moja moja katika ramani aliyoitundika ukutani. Pini zikaanza kujipanga. Zilifanya mkanda uliokatiza katikati ya bara, kaskazini na kusini ya Ikweta, na mkia ulioteremka upande wa mashariki kupitia Msumbiji.

Lakini barua haitoshi. Mwenye kulinda mpaka hukagua mpaka wake kwa miguu. Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa Kuluva na Cliff Nelson, ndani ya motokaa kuukuu ya Ford iliyonunuliwa kwa paundi 250. Williams alikuwa fundi hodari wa motokaa, na ufundi wake katika barabara zile ulikuwa na thamani sawa na udaktari wake. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hata wakafika Afrika ya Kusini. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri maili zipatazo 10,000, yaani kilometa 16,000, wakazikagua hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali waliwaonyesha madaktari picha zile zile, wakauliza maswali yale yale: mmeuona, au hamkuuona?

Jibu la kwanza lililoonekana lilikuwa la mwinuko. Karibu na Ikweta, ugonjwa haukuonekana katika nchi zilizopita futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu mwenye haraka angaliishia hapo na kutangaza ushindi. Lakini kila waliposhuka kusini, kanuni hiyo ilivunjika. Kule Nyasaland mpaka ulikuwa kama futi 3,000, na Swaziland ulikuwa kama futi 1,000 tu. Iweje mlima uwe na amri tofauti katika kila nchi? Ilibidi jibu la kwanza litupwe, litafutwe jingine linalozieleza picha zote. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na wadudu katika taasisi ya utafiti ya Entebbe, alisaidia kulipata. Aliona kwamba mpaka wa ugonjwa haukuwa mpaka wa mwinuko bali wa joto na mvua. Kadiri mtu anavyoondoka Ikweta, ndivyo baridi inavyoshuka na kuzifikia nchi za chini. Ugonjwa ulikuwa mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, na mvua ya mwaka yapita sentimeta 50. Hizo ndizo nchi za mbu.

Hata hivyo fumbo lilibakiwa na picha moja iliyokataa kukaa mahali pake. Zanzibar na Pemba ni visiwa vya joto na mvua, lakini ugonjwa haukuonekana huko kama ilivyotarajiwa. Siri ilikuwa kwamba visiwani malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu na kupungua sana. Basi si joto lenyewe, wala si mvua yenyewe, wala si kila mbu. Mahali palipo na malaria kali isiyokatika mwaka mzima ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Wakati huo huo, upande wa maabara, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Tarehe 22 Machi, 1961, Burkitt alitoa hotuba katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwako kijana mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kisha mwaka 1964 Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kupata kujulikana kuwa chahusika na saratani ya binadamu.

Twapaswa kusema kweli hapa. Burkitt alipoona mkanda wa mbu alidhani kwamba mbu ndiye anayekichukua kirusi. Haikuwa hivyo. Kirusi cha Epstein na Barr huenea kwa mate, nacho kiko duniani kote. Kazi ya mbu ni kuleta malaria, na malaria ikimpata mtoto mara kwa mara huidhoofisha kinga yake na kuifungulia saratani njia. Ramani ilikuwa sahihi, maelezo ya kwanza ya ramani hayakuwa sahihi yote. Burkitt hakuona haya kubadili mawazo, na mwaka 1969 mwenyewe aliandika kuitetea hoja ya malaria.

Sasa twarudi nyumbani. Ted Williams, aliporudi Kuluva, aliendelea kuandika kwa uangalifu habari za kila mtoto: atoka kijiji gani, na ugonjwa ulianza lini. Daftari hizo zilikuwa hazina. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965, yaliyoonyesha kwamba wagonjwa walielekea kukaribiana kwa mahali na kwa wakati, kana kwamba jambo fulani lilipita vijijini kwa zamu. Kisha katika miaka ya 1970 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, chini ya uongozi wa Guy de-Thé, lilifanya kazi kubwa papa hapa wilayani. Watoto wapatao 42,000 walitolewa damu kidogo, nayo ikahifadhiwa katika baridi. Wataalamu wakangoja. Watoto wachache walipopatwa na ugonjwa, damu yao ya zamani ilitolewa ikalinganishwa na damu ya watoto wa umri wao, majirani zao, waliobaki wazima. Kushoto wagonjwa, kulia wazima. Mwaka 1978 matokeo yalitangazwa: wale waliougua walikuwa na dalili nyingi za kirusi katika damu yao tangu zamani, kabla uvimbe haujatokea. Jina la West Nile lilikuwa limekwisha kujulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1937 kwa sababu ya kirusi kilichopatikana wilayani humu. Safari hii lilijulikana kwa uvumilivu wa wazazi waliokubali watoto wao watolewe damu kwa manufaa ya watoto wa wengine.

Na tiba je? Kisu kiliposhindwa, Burkitt alijaribu dawa za kuua chembe za saratani, akisaidiwa na wataalamu wa Marekani waliomletea dawa hizo. Hakuwa na fedha wala vyombo vya kutoa dozi kubwa. Alitoa kidogo, na mara nyingine akashangaa kuona uvimbe ukiyeyuka katika siku chache, na baadhi ya watoto wakapona wasiugue tena. Katika miaka ile saratani kupona kwa dawa peke yake lilikuwa jambo la nadra sana. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda miaka michache baada ya Uhuru wa mwaka 1962, akaenda kufanya kazi London. Huko hakuiacha tabia yake. Alilinganisha magonjwa ya watu wa Ulaya na ya watu wa vijijini Afrika, akahoji kwa nini wa kwanza waugua matumbo yasiyowasumbua wa pili, akawashauri watu wale vyakula visivyokobolewa. Mawazo hayo aliyatoa katika kitabu mwaka 1979. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mtu wa elimu katika Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Twamkumbuka kwa sababu kazi yake haikutegemea mashine za gharama. Ilitegemea picha chache, daftari, ramani, pini na motokaa kuukuu, pamoja na swali moja lililoulizwa bila kuchoka: uko wapi, na hauko wapi? Polisi anayechunguza wizi uliotokea mara sita katika mtaa mmoja, na askari anayeangalia njia ambayo jana ilikuwa na watu na leo haina, wanayo karatasi ile ile mbele yao. Wakitazama tu palipotokea jambo, wataona nusu ya fumbo. Watazame na pale ambapo halikutokea, na jibu lao la kwanza likikataliwa na picha hata moja, wasiifiche picha hiyo. Zanzibar ndiyo iliyokuwa picha hiyo kwa Burkitt, naye hakuiondoa ukutani.

Mtoto wa Mulago wa mwaka 1957 hakuokolewa. Watoto waliokuja nyuma yake, wengi waliokolewa, kwa kuwa mtu mmoja aliutambua uso ule alipouona mara ya pili kupitia dirisha la Jinja.